Uganda: Benki za nchi zinavyofanya kazi, na namna ya kuchagua pa kuweka fedha

Mwaka 2024 Benki Kuu ya Uganda ilizifunga taasisi mbili zilizokuwa zikipokea amana za wananchi. Mwezi Januari ilikuwa zamu ya EFC Uganda, taasisi ya mikopo midogo. Mwezi Juni ikafuata Mercantile Credit Bank. Zote mbili zilikuwa ndogo, na kufungwa kwake hakukuutikisa uchumi wa nchi. Hata hivyo, kwa waliokuwa wameweka akiba humo swali lilikuwa moja: je, fedha zao zitarudi zote?

Jibu lilitegemea kiasi ambacho kila mmoja alikuwa amekiweka. Aliyekuwa na shilingi milioni 10 au chini ya hapo alistahili kulipwa fedha zake zote na Mfuko wa Kulinda Amana. Aliyekuwa na zaidi alistahili milioni 10 kwanza, kisha asubiri mali za taasisi ziuzwe na madeni yake yakusanywe ndipo ajue kama kilichobaki kitapatikana. Kama fedha zile zingekuwa katika chama cha kuweka na kukopa, maarufu kama SACCO, mfuko huo usingelipa chochote.

Tofauti za namna hii hazionekani mtu anapopita mbele ya mabango ya rangi mbalimbali katika barabara za Kampala, Mbarara au Arua. Milango yote inafanana, na wengi wa walio ndani huvaa tai. Kwa wasemaji wa Kiswahili nchini Uganda, wawe askari, wafanyabiashara wa mipakani, madereva wa malori au wakimbizi kutoka Congo, ugumu huongezeka kwa sababu fomu nyingi za benki huandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanaeleza mfumo wa benki wa Uganda ulivyojengwa, na mambo ambayo mteja anapaswa kuyapima kabla ya kukabidhi fedha zake.

Ngazi nne za taasisi za fedha

Uganda huzigawa taasisi zake za fedha katika ngazi nne. Kila ngazi ina masharti yake, na ngazi ndiyo huamua huduma ambazo taasisi inaruhusiwa kuzitoa.

Ngazi ya kwanza ni ya benki za biashara. Hizi ndizo zenye ruhusa pana zaidi: kupokea amana za kila aina, kufungua akaunti za hundi, kununua na kuuza fedha za kigeni, na kushughulikia malipo ya ndani na ya nje ya nchi. Stanbic, Centenary, Absa, dfcu, Equity na Pearl Bank, iliyoitwa awali PostBank, ni miongoni mwake.

Ngazi ya pili ni ya taasisi za mikopo. Hizi hupokea akiba na kukopesha, lakini haziruhusiwi kuendesha akaunti za hundi wala kufanya biashara ya fedha za kigeni. Baadhi yake hutumia neno "benki" katika majina yao, jambo linalowachanganya wateja wengi.

Ngazi ya tatu ni ya taasisi za mikopo midogo zenye idhini ya kupokea amana. FINCA na UGAFODE zimejulikana kwa muda mrefu katika kundi hili. Wateja wao wengi ni wafanyabiashara wadogo na wakulima.

Ngazi ya nne inakusanya SACCO, makampuni ya mikopo midogo yasiyopokea amana, na wakopeshaji binafsi wenye leseni.

Ngazi tatu za kwanza zinasimamiwa na Benki Kuu. Ngazi ya nne ina sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2016, na kwa jumla uangalizi wake si mkali kama ule wa ngazi zilizo juu yake. Hapa ndipo mstari mkubwa unapopita, kwa sababu uangalizi wa Benki Kuu ndio unaoambatana na ulinzi wa amana.

Taasisi inaweza pia kuhama ngazi. Mwaka 2022 serikali ilipandisha kiwango cha chini cha mtaji kwa benki za biashara, kutoka shilingi bilioni 25 hadi bilioni 120, kisha hadi bilioni 150 ifikapo mwisho wa Juni 2024. Taasisi za ngazi ya pili zilitakiwa kufikia bilioni 25. Lengo lilikuwa kuhakikisha kwamba benki inapopata hasara, fedha za wenye hisa ndizo zinazoumia kwanza, kabla ya zile za wenye amana. Benki tatu, yaani ABC Capital, Guaranty Trust na Opportunity, zilishuka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili katika kipindi hicho. Hazikufungwa, na amana za wateja ziliendelea kulindwa. Lakini mfanyabiashara aliyetegemea kuandika hundi au kubadilisha dola katika tawi lake alilazimika kutafuta mahali pengine.

Shilingi milioni 10 na maana yake

Mfuko wa Kulinda Amana huchangiwa na taasisi zote zilizo chini ya Benki Kuu. Mteja halipi ada yoyote ili kulindwa, wala hajiandikishi. Kiwango cha ulinzi kilikuwa shilingi milioni 3 kwa miaka mingi, na mwaka 2019 kikapandishwa hadi milioni 10.

Kiwango hicho huhesabiwa kwa kila mteja katika kila taasisi. Mtu mwenye akaunti mbili katika benki moja, moja ya milioni 7 na nyingine ya milioni 6, huhesabiwa kuwa na milioni 13, na mfuko hulipa milioni 10 tu. Mtu huyo huyo angeziweka milioni 7 katika benki moja na milioni 6 katika nyingine, fedha zake zote zingekuwa ndani ya ulinzi. Ndiyo sababu anayeuza kiwanja, anayepokea kiinua mgongo au anayetunza fedha za kikundi anashauriwa afikirie kuzigawa fedha hizo, huku akikumbuka kwamba kila akaunti ya ziada ina makato yake.

Mambo mengine mawili yanafaa kujulikana. La kwanza, mteja anayedaiwa mkopo na taasisi iliyofungwa huweza kukatwa deni hilo kabla ya kulipwa amana yake. La pili, malipo hupitia akaunti nyingine ya benki au namba ya simu ya mteja. Aliyefungua akaunti miaka kumi iliyopita kwa namba ambayo hana tena, au kwa jina lisilolingana na kitambulisho chake cha sasa, anaweza kucheleweshwa wakati wenzake wanalipwa. Kwenda tawini kurekebisha taarifa hizo ni kazi ya asubuhi moja.

Historia iliyozaa kanuni hizi

Ukali wa kanuni za leo una chanzo chake. Miaka ya 1990 ilikuwa migumu kwa benki za Uganda. Teefe Trust Bank ilifungwa mwaka 1993, International Credit Bank mwaka 1998, kisha mwaka 1999 zikafuatana Greenland Bank na Cooperative Bank. Cooperative ilikuwa benki ya wakulima na vyama vya ushirika, na matawi yake yalifika mahali ambapo benki nyingine hazikwenda. Ilipoondoka, wengi vijijini walirudi kuficha fedha chini ya godoro.

Mwaka 2012 National Bank of Commerce ilifungwa na shughuli zake zikahamishiwa Crane Bank. Mwaka 2014 Global Trust Bank nayo ikafungwa, wateja wake wakapelekwa dfcu. Oktoba 2016 Crane Bank yenyewe, iliyokuwa mojawapo ya benki kubwa nchini, ilichukuliwa na Benki Kuu, na Januari 2017 dfcu ikakabidhiwa amana na matawi yake. Mwaka 2019 kamati ya Bunge ilichunguza namna benki saba zilivyofungwa, na ikaikosoa Benki Kuu kwa jinsi ilivyozishughulikia mali zake.

Kwa mteja wa kawaida, historia hiyo ina mafunzo mawili yanayoonekana kupingana. Upande mmoja, benki kubwa na maarufu inaweza kuanguka. Upande wa pili, benki kubwa inapoanguka, mara nyingi amana zake huhamishiwa benki nyingine, na mteja huamka asubuhi akikuta bango jipya lakini salio lile lile. Taasisi ndogo ndizo zinazoelekea kufungwa moja kwa moja, kama ilivyotokea mwaka 2024. Kwa hiyo anayechagua taasisi ndogo kwa sababu ya riba nzuri au huduma ya ukarimu hafanyi kosa, mradi aujue mpaka wa milioni 10 na asiuvuke.

Nani mwenye benki

Mmiliki wa benki huathiri mwelekeo wake. Stanbic, iliyo kubwa kuliko zote kwa mali, ni ya kundi la Standard Bank la Afrika Kusini, na ilipata mtandao wake mpana iliponunua Uganda Commercial Bank, benki ya serikali, mwaka 2002. Centenary ilizaliwa mwaka 1983 kama mfuko wa maendeleo ya vijijini chini ya Kanisa Katoliki, ikawa benki ya biashara mwaka 1993, na hadi leo inaaminiwa sana mashambani. Pearl Bank ni ya serikali. Housing Finance, inayojulikana kwa mikopo ya nyumba, inamilikiwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, pamoja na serikali.

Wapo pia majirani. Equity, KCB, DTB na NCBA zina mizizi Kenya, na Exim imetoka Tanzania. Jambo hili lina uzito kwa anayefanya biashara ya kuvuka mpaka. Kundi la Equity linamiliki EquityBCDC nchini Congo, na KCB ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Trust Merchant Bank ya huko mwaka 2022. Mfanyabiashara anayenunua mchele Kampala na kuuuza Bunia au Butembo anaweza kuuliza ni kiasi gani hutozwa fedha zinapohama kati ya matawi ya kundi moja katika nchi mbili. Asidhani kwamba jina moja maana yake ni akaunti moja: kila nchi ina leseni yake, sheria zake na ulinzi wake wa amana.

Kwa Waislamu wanaoepuka riba, mlango ulifunguka baada ya sheria ya taasisi za fedha kurekebishwa mwaka 2016. Salaam Bank ilipata leseni mwaka 2023 na kuwa benki ya kwanza ya Kiislamu nchini. Katika benki ya namna hii, anayetaka pikipiki hakopeshwi fedha. Benki huinunua pikipiki, kisha humuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Mteja bado anapaswa kulinganisha bei hiyo ya mwisho na gharama ya kukopa kwingineko.

Akaunti na makato yake

Akaunti zinazotumiwa zaidi ni za aina tatu. Akaunti ya akiba humfaa anayeweka fedha kidogo kidogo. Huleta riba ndogo, na baadhi ya benki huweka mipaka ya idadi ya kutoa fedha kwa mwezi. Akaunti ya hundi humfaa mwenye biashara au kikundi kinacholipa watu wengi. Kwa kawaida haina riba, na ina ada ya kila mwezi. Amana ya muda maalumu hufunga fedha kwa miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa riba ya juu zaidi, na anayezitoa kabla ya wakati hupoteza riba hiyo yote au sehemu yake.

Makato ndiyo sehemu ambayo wateja wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Ipo ada ya kuendesha akaunti, ada ya kutumia mashine ya kutolea fedha, ada ya kadi, ya ujumbe wa simu, ya taarifa ya akaunti, na ya kuhamisha fedha kwenda benki nyingine. Juu ya ada hizo serikali hutoza ushuru wa asilimia 15. Ada ya shilingi 2,000 humgharimu mteja 2,300.

Riba nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Tuseme mtu ameweka shilingi milioni 1 kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 10. Mwisho wa mwaka riba yake ni 100,000, serikali inachukua 15,000, naye anabaki na 85,000. Kama bei za bidhaa zimepanda kwa asilimia 4 katika mwaka huo, faida halisi aliyoipata ni karibu 45,000. Na kama akaunti aliyoitumia ina ada ya 4,000 kwa mwezi, mwaka mzima ada hiyo ni 48,000 kabla ya ushuru, na faida yote imekwisha.

Kwa sababu hiyo, kwa mwenye akiba ndogo kiwango cha ada kina uzito kuliko kiwango cha riba. Anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi anapaswa kutafuta kwanza akaunti isiyo na ada ya mwezi, ndipo aulize habari za riba. Baadhi ya benki zina akaunti za namna hiyo, lakini si kila mara mhudumu huzitaja bila kuulizwa.

Mkopo: asilimia moja, hesabu mbili

Riba za mikopo ya benki za Uganda ni za juu. Kwa wastani zimekuwa karibu na asilimia 18 kwa mwaka kwa mikopo ya shilingi, na mkopaji mdogo asiye na dhamana ya ardhi hutozwa zaidi. Lakini asilimia peke yake haitoshi kumwambia mkopaji atalipa kiasi gani. Swali la lazima ni hili: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, au juu ya deni linalobaki?

Chukulia mkopo wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, huku mkopaji akirudisha 100,000 za mkopo kila mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote, analipa 24,000 kila mwezi hata mwezi wa mwisho, wakati deni lake limebaki 100,000 tu. Jumla ya riba ni 288,000. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, mwezi wa kwanza analipa 24,000, wa pili 22,000, wa tatu 20,000, na mwezi wa mwisho 2,000. Jumla yake ni 156,000. Tangazo ukutani lilikuwa moja, asilimia 2 kwa mwezi, ila tofauti ni shilingi 132,000.

Zaidi ya riba kuna ada ya kushughulikia mkopo, bima, na gharama za mwanasheria pale ardhi inapowekwa dhamana. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2011 ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha inaitaka taasisi impe mteja waraka mfupi wenye mambo muhimu: gharama yote ya mkopo, tarehe za malipo na adhabu ya kuchelewa. Waraka huo ndio wa kulinganisha kati ya benki moja na nyingine.

Tangu mwaka 2008 kumbukumbu za mikopo hukusanywa na kampuni zenye leseni ya kazi hiyo, na benki huzisoma kabla ya kukopesha. Deni lililosahaulika katika taasisi moja huweza kumfungia mtu mlango katika nyingine. Kwa upande wa pili, aliyelipa vizuri mkopo mdogo anakuwa na ushahidi wa kuombea mkubwa.

Pesa za simu na mawakala

Kwa Waganda wengi benki ya kwanza ni simu ya mkononi. MTN ilianzisha huduma yake mwaka 2009, na leo kibanda cha wakala kipo hata mahali ambapo barabara ya lami haijafika. Fedha ambazo mteja anaziona kwenye simu huwekwa na kampuni katika akaunti maalumu ndani ya benki, na tangu mwaka 2020 ipo sheria ya mifumo ya malipo inayoisimamia biashara hii.

Simu ni nzuri kwa kupeleka fedha. Kwa kuzitunza, ina gharama na hatari zake. Anayetoa fedha hulipa ada ya kampuni pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa: katika kila shilingi 100,000, kodi hiyo peke yake ni 500. Kodi hiyo haihusu fedha zinazotolewa kwenye akaunti ya benki. Pia matapeli hupiga simu wakijidai kuwa wafanyakazi wa kampuni, wakaomba namba ya siri. Hakuna benki wala kampuni ya simu yenye sababu ya kuiuliza namba hiyo.

Tangu mwaka 2017 benki nazo zinaruhusiwa kutumia mawakala. Duka la dawa au la vifaa vya ujenzi linaweza kupokea amana na kutoa fedha kwa niaba ya benki, na baadhi ya mawakala huhudumia benki kadhaa kwa mashine moja. Wakala humpunguzia mteja nauli na foleni. Jambo la kuangalia ni risiti ya mashine na ujumbe wa simu: kama hakuna kimojawapo, fedha hazijaingia, hata kama mwenye duka ameziandika katika daftari lake.

SACCO na wakopeshaji

SACCO hubaki kimbilio la wengi, na kwa sababu nzuri. Mwanachama anajulikana kwa jina, mkopo hupatikana bila hati ya ardhi, na faida hurudi kwa wanachama wenyewe. Serikali nayo imezitumia SACCO za parokia, ambayo hapa ni ngazi ya utawala, kupitishia fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parokia uliozinduliwa mwaka 2022, ambao kaya hukopeshwa shilingi milioni 1.

Hata hivyo, usalama wa SACCO hutegemea uaminifu wa viongozi wake na macho ya wanachama. Anayetaka kujiunga anapaswa kuona cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa na kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka. Chama ambacho viongozi wake hawajabadilika wala hesabu kusomwa kwa miaka mingi kimejieleza chenyewe.

Kuhusu wakopeshaji binafsi, sheria ya 2016 inawakataza kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki kama dhamana. Mazoea hayo yamesambaa sana, hasa kwa askari na walimu wanaokabidhi kadi na namba ya siri hadi deni liishe. Anayefanya hivyo ametoa mshahara wake wote kwa mtu asiye na haki ya kuushika. Mwaka 2024 serikali pia iliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi.

Nyaraka, wakimbizi na lugha

Raia hufungua akaunti kwa kitambulisho cha taifa. Mgeni hutumia pasipoti, mara nyingi pamoja na kibali cha kazi au cha ukaazi. Mkimbizi hutumia kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Benki nyingi huomba pia picha, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mteja, na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Tofauti ya herufi moja katika jina, kama inavyotokea mara nyingi kwa majina ya Kikongo, inaweza kuzuia akaunti. Ni heri kuirekebisha mapema. Katika baadhi ya makazi ya wakimbizi huduma zimefika karibu: Opportunity, kwa mfano, ilifungua tawi Nakivale, ambako wakazi wengi huzungumza Kiswahili.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini fomu za benki hazijabadilika kwa kasi hiyo. Miongozo ya Benki Kuu inataka kwamba mteja asiyeweza kuyaelewa maandishi aelezwe kwa mdomo. Kwa hiyo kumwomba mhudumu aeleze kila kifungu, au kuja na mtu anayeaminika wa kutafsiri, si kumsumbua mtu. Sahihi au alama ya kidole ikishawekwa, kudai kwamba lugha haikueleweka hakusaidii sana.

Kabla ya kutia sahihi

Mteja anayelinganisha taasisi mbili au tatu anaweza kuwauliza wahudumu maswali haya, na kuyaandika majibu:

- Taasisi hii ina leseni ya Benki Kuu, na ni ya ngazi gani? Nakala ya leseni inapaswa kuonekana tawini, na Benki Kuu huchapisha orodha ya taasisi zote zenye leseni.
- Makato yote ya mwezi ni kiasi gani, pamoja na ushuru?
- Salio la chini linalotakiwa ni lipi, na nini hutokea likipungua?
- Wakala au tawi la karibu liko wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani?
- Riba ya mkopo huhesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya deni linalobaki?
- Akaunti isipotumika kwa muda mrefu, nini hufanyika? Kisheria, akaunti iliyokaa miaka miwili bila shughuli huwekwa katika rejista ya pekee, na mwenyewe hulazimika kufuata utaratibu ili kuifungua tena.

Tatizo likitokea, hatua ya kwanza ni kuandika malalamiko kwa benki yenyewe na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa Benki Kuu, ambayo ina makao yake Kampala na ofisi katika miji kadhaa ya mikoani, ikiwemo Gulu, Mbarara na Jinja. Asiyeweza kuandika Kiingereza anaweza kueleza jambo lake kwa mdomo, lakini risiti, taarifa ya akaunti na ujumbe wa simu havihitaji tafsiri. Anayevitunza vitu hivyo vitatu tangu siku ya kwanza hufika mezani akiwa na ushahidi mkononi.